Kweli dunia ina miaka elfu sita? Maswali yenu kuhusu Mwanzo, mawe na dinosaria

Tulipoandika kuhusu Olduvai (lile bonde la Tanzania lenye mabaki ya binadamu wa kale) toleo lililopita nilijua tu barua zitakuja, ila sikutegemea ziwe kali hivi, wengine mmenitukana kidogo (yameisha) na wengine mmeuliza mambo ya maana kabisa. Karibu zote zinazunguka palepale: wale Wakristo wanaoamini mbingu na nchi ziliumbwa kwa siku sita za kawaida, yapata miaka 6,000 iliyopita, na kwamba gharika ya Nuhu ndo iliyotandaza sehemu kubwa ya mawe yenye visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) tunayoyaona leo. Nitawaita watu wa dunia changa ili tusichoke. Mimi ni mtu wa kanisani na kwenye umri wa dunia sikubaliani nao, nasema mapema msije mkasema nimejificha, lakini sipendi pia wanavyosingiziwa vitu wasivyosema.

Habari za kazi Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, mwalimu wa historia kamfundisha Zinjanthropus, yule wa kale wa Olduvai, ana miaka milioni 1.75, Jumapili anaambiwa kanisani dunia ina miaka elfu sita. Nimetafuta huo mstari wa elfu sita kwenye Biblia nimekosa. Uko wapi? – Mama Neema, Dodoma

Mama Neema umetafuta vizuri, haupo. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha. Fungua Mwanzo 5 na simu yako pembeni: Adamu ana miaka 130 anapomzaa Sethi, Sethi 105 anapomzaa Enoshi, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182, halafu Nuhu ana miaka 600 maji yanapoanza. Jumla 1,656. (Jumlisha pia ya Methusela peke yake utaona amekufa mwaka uleule wa gharika, sijui kama alizama au alitangulia.) Ukimaliza hapo unaenda Mwanzo 11 mpaka Abrahamu, unapita Kutoka, Waamuzi na Wafalme, mpaka unakutana na tarehe inayojulikana kwenye historia ya Babeli, yaani kifo cha Nebukadreza mwaka 562 KK, kisha unarudi nyuma kwa kutoa. Askofu mkuu James Ussher wa Armagh kule Ayalandi alifanya hivyo akachapisha mwaka 1650, akapata dunia ilianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba mwaka 4004 KK. Kuanzia 1701 tarehe zake zikawa zinachapwa pembeni mwa kurasa kwenye Biblia za Kiingereza, na watu vizazi na vizazi wakazisoma kama vile Musa mwenyewe ndo kaziandika.

Sasa kuna utata wake. Biblia ya Kigiriki, Septuaginta, ambayo waandishi wa Agano Jipya waliinukuu sana, inasema Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka 230, sio 130, na wengine kadhaa kwenye orodha wameongezwa mia mia hivyohivyo, ndo maana Wakristo wa Mashariki walihesabu uumbaji kuwa 5509 KK. Alafu Luka 3:36 ina mtu anaitwa Kenani kati ya Arfaksadi na Sela ambaye kwenye Mwanzo 11 ya Biblia yetu hayupo. Na Mathayo 1:8 inaruka wafalme watatu, inatoka Yoramu inatua kwa Uzia moja kwa moja, kwahiyo neno "alimzaa" linaweza kuruka vizazi.

Lakini hapo usikimbilie kushangilia, maana watu wa dunia changa wana jibu zuri: Mathayo hakutaja miaka, Mwanzo imetaja. Ikiwa Sethi alikuwa na miaka 105 Enoshi alipozaliwa, hata kama Enoshi ni mjukuu wake, ile 105 haibadiliki. Hiyo hoja ina uzito. Na ukichukua hesabu ya Kigiriki unafika kama 7,500 tu, hufiki milioni. Kwahiyo mwambie binti kwamba mwalimu wa Jumapili hajatunga, kuna hesabu nyuma yake, ila ni hesabu ya watu na inabadilika kulingana na umeshika Biblia gani mkononi.

Ndugu mwandishi, nyinyi mnaosema siku ya uumbaji ni miaka milioni mnafuata dunia. Kanisa tangu mwanzo liliamini siku ni siku. Haya ya kupindisha yameletwa na Darwin. – Mzee wa kanisa, Kisii

Mzee wangu, nusu uko sahihi. Ukisoma tu bila kuchokonoa, "ikawa jioni ikawa asubuhi" inasomeka kama siku, na Kutoka 20:11 inafunga wiki yetu ya kazi na Sabato kwenye wiki ile ya Mungu, sasa kama siku ile ilikuwa miaka milioni mia mbili ile amri inakaa vibaya kidogo. Nguvu yao nyingine ni Warumi 5:12, kifo kiliingia kwa dhambi, sasa visukuku vya wanyama walioliwa na kuugua kabla ya Adamu unaviweka wapi? Hilo swali linawasumbua kweli wenzetu wanaokubali dunia kongwe, na wale wanaosema "ah ni kifo cha binadamu tu kinazungumziwa" wana kazi ya kulieleza vizuri kuliko wanavyofanya.

Ila hiyo ya "kanisa tangu mwanzo" hapana. Luther ndiyo, aliamini siku za kawaida, lakini Augustino wa Hippo karne ya tano aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja na zile siku sita sio siku za jua. Na cha kushangaza zaidi, mwaka 1925 kwenye ile kesi ya mwalimu Scopes, aliyeshtakiwa kwa kufundisha mageuzi (nadharia ya Darwin kwamba viumbe hubadilika vizazi hata vizazi na kutoa viumbe vipya) kule Dayton, Tennessee, William Jennings Bryan, aliyegombea urais wa Marekani mara tatu na ndiye alikuwa sauti kubwa ya kupinga mageuzi, alipobanwa na wakili Clarence Darrow alikubali mbele ya watu kwamba siku za Mwanzo si lazima ziwe za saa ishirini na nne. Wahafidhina wengi enzi hizo walikuwa hivyohivyo, hawakuona shida.

Aliyeshikilia gharika kuwa ndo maelezo ya mawe yote alikuwa Msabato, George McCready Price, aliyetoa kitabu kikubwa cha jiolojia mwaka 1923 wakati hakuwa amesomea jiolojia, na Wasabato walikuwa tayari na msimamo huo kutokana na maono ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao. Mwaka 1961 ndo mwanatheolojia John Whitcomb na mhandisi wa maji Henry Morris wakayachukua mawazo yale wakayatoa upya, safari hii Wabaptisti na Wapentekoste nao wakayapokea. Kwahiyo mzee wangu hiyo harakati unayoisikia kwenye mahubiri ina umri wa babu zetu. Imani ya siku sita ni ya zamani, lakini sayansi ya gharika ni ya juzi.

Shikamoo Mwalimu. Niko chuo mwaka wa pili, kuna jamaa wa fellowship anasema vipimo vya miaka ni uongo mtupu, walipima jiwe la miaka kumi wakapata laki tatu na nusu, na hapa kwetu Turkana walibadilisha majibu mpaka yakawapendeza. Ni kweli? – Mwanafunzi, Nairobi

Marahaba. Ni kweli yalitokea, yote mawili, lakini tuanze na kitu kimoja maana kinachanganya watu sana: kaboni haipimi dinosaria. Kaboni-14 kila miaka kama 5,730 inabaki nusu, ikifika elfu hamsini hivi hamna kitu cha kupima. Olduvai na Turkana wanapima majivu ya volkano kwa potasiamu na agoni. Potasiamu fulani ndani ya jiwe inageuka polepole sana kuwa gesi ya agoni, volkano ikilipuka ile gesi ya zamani inatoka, jiwe likipoa saa inaanza upya, baadaye unapima agoni iliyojikusanya. Ndo hivyo ile milioni 1.75 ya Olduvai ilitangazwa 1961, miaka miwili baada ya Mary Leakey kuliona fuvu.

Jiwe la jamaa yako ni la Mount St. Helens, Marekani. Mwanajiolojia wa dunia changa Steven Austin alichukua jiwe kwenye kuba la lava lililoganda 1986, likapimwa likatoa kama miaka 350,000, akachapisha 1996. Sasa potasiamu hii nusu yake inachukua miaka bilioni 1.25 kuisha, kupimia jiwe la miaka kumi ni sawa na kupima pete ya dhahabu kwenye mizani ya gunia la mkaa, lazima ikupe namba ya ajabu. Na ndani ya lava ile kulikuwa na chembe zilizoganda mapema zaidi chini kwa chini zikiwa na agoni yake. Lakini alichoonyesha Austin si cha kupuuzwa: saa haianzi sifuri kila mara, na wanajiolojia wenyewe wanalijua hilo, ndo maana siku hizi wanatumia njia zinazoonyesha kama kuna agoni ya ziada.

Turkana sasa. Pale Koobi Fora kuna tabaka la majivu linaitwa KBS. Vipimo vya kwanza vilisema miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akapata fuvu lile maarufu namba 1470 chini ya majivu hayo, likaonekana la kisasa mno kwa umri huo, na meno ya nguruwe wa pale yalifanana na ya nguruwe wa Omo, Ethiopia, wa tabaka changa zaidi. Watu wakagombana miaka kama kumi, maabara nyingine zikapima upya, ikatulia kwenye milioni 1.88. Watu wa dunia changa wanasema umeona, nguruwe ndo waliamua. Mimi naona sivyo: nguruwe walileta shaka, vipimo vipya kwenye chembe safi ndo viliamua, na kosa lilikuwa la laki saba. Ukitaka kutoka milioni 1.88 ufike elfu sita unahitaji kosa la mara mia tatu, na liwe lilelile kila maabara, kila nchi.

Na hili mwambie huyo jamaa taratibu bila ubishi. Taasisi mbili za dunia changa za Marekani zilifanya utafiti wao wenyewe kuanzia 1997 mpaka 2005, mradi wa RATE, wakahitimisha kwamba kweli mawe yameshapitia uozo wa mionzi (kama ule wa potasiamu kugeuka agoni) unaolingana na zaidi ya miaka milioni 500 kwa kasi ya leo. Wao walisema kasi iliongezeka ghafla wakati wa uumbaji na gharika. Shida ni joto, mionzi yote hiyo kutoka ndani ya mwaka mmoja ingeyeyusha ardhi na Nuhu akiwa juu yake, na hilo walikiri wenyewe kwamba hawajalitatua. Yaani hawakusema mawe yanaonyesha dunia changa. Walisema Biblia inasema changa, kwahiyo lazima kuna kitu kilitokea kwenye mawe.

Je hawa watu wana elimu kweli au ni wahubiri tu? – J.M., Mwanza

Wapo wenye elimu nzito. Kurt Wise alipata udaktari Harvard chini ya Stephen Jay Gould, mmoja wa wanamageuzi wakubwa wa karne iliyopita. Na Wise ameandika waziwazi kwamba hata ushahidi wote wa ulimwengu ungegeuka dhidi ya dunia changa, angeukubali huo ushahidi na bado angebaki mwana-uumbaji kwa sababu ndivyo Neno linavyosema kwake. Todd Wood naye, mwanabiolojia wa upande huohuo, aliandika 2009 kwamba nadharia ya mageuzi haijafeli na ina ushahidi mwingi, ila yeye haikubali kwa imani. Mimi hawa wawili nawaheshimu kuliko mhubiri anayekwambia wanasayansi wote wameshagundua Darwin muongo ila wanaficha.

Naomba uthibitishe hii niliyotumiwa WhatsApp: NASA walikuta siku moja imepotea kwenye kompyuta wakagundua ndo ile ya Yoshua jua liliposimama. Na Darwin alitubu akifa. – Dada Rehema, Kahama

Dada, futa zote. Ya NASA inazunguka tangu zamani kabla ya simu hizi, haina hata mantiki maana kompyuta haiwezi kujua siku imepotea kama huna pa kuanzia kuhesabu. Ya Darwin ilitoka gazetini Marekani 1915, mwanamke aliyejulikana kama Lady Hope alidai alimtembelea, na binti yake Darwin, Henrietta, aliyekuwepo baba yake akifariki, alikanusha. Utamu wa hadithi hii ni kwamba Answers in Genesis, taasisi ya Ken Ham, ndo wakubwa wa dunia changa kwa sasa, wana orodha ya hoja ambazo wanawaomba waumini wasizitumie, na hizi zimo. Hata zile nyayo za binadamu pamoja na dinosaria kwenye mto Paluxy, Texas, taasisi za dunia changa ziliacha kuzitegemea tangu 1986. Kwahiyo anayekutumia amechelewa hata kwa wenzake.

Mwalimu, sisi Lindi tuna yule mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyepelekwa Berlin. Mchungaji anasema alikuwemo kwenye safina, na kwamba wazungu wamekuta damu mbichi kwenye mfupa wa dinosaria. Alienea vipi? – Kijana wa Lindi

Alienea vipi, hapo umenichekesha, maana yule wa Berlin amesimama zaidi ya mita 13. Jibu lao ni kwamba Nuhu alichukua wadogo, sio wakubwa, na hakuchukua kila mnyama bali kila "aina", kwa mfano jozi moja ya paka ndo ikazaa simba, chui, duma na huyu wa jikoni kwako. Kwenye safina waliyoijenga Williamstown, Kentucky, yenye urefu wa mita kama 155, iliyofunguliwa 2016, wanakadiria wanyama chini ya 7,000. Namba hiyo inaenea. Lakini angalia walichojiingizia: simba na chui watoke kwa mzazi mmoja ndani ya miaka 4,300, na Wamisri wanachora simba kabisa muda mfupi tu baada ya gharika, hayo ni mageuzi ya mbio kuliko chochote Darwin alichoota.

Ya damu: mtafiti wa visukuku Mary Schweitzer mwaka 2005 alitangaza kwamba aliyeyusha madini ya mfupa wa dinosaria aitwaye T. rex kutoka Montana, Marekani, kwa asidi, akabaki na vitu laini vinavyovutika kama mishipa. Hakukuta nyama mbichi. Lakini ilikuwa ajabu ya kweli, hakuna aliyetegemea kitu hicho kidumu miaka milioni 68, na watu wa dunia changa walikuwa na haki ya kuuliza. Kazi ya baadaye inaonyesha chuma cha kwenye damu kinaweza kuhifadhi. Schweitzer mwenyewe ni Mkristo na hapendi kabisa kazi yake inavyotumiwa hivyo.

Ila kijana, jibu lako liko hapohapo nyumbani. Wajerumani walichimba Tendaguru 1909 mpaka 1913 wakakuta tabaka tatu za mifupa ya dinosaria, na katikati yake mchanga wenye makombe ya baharini. Dinosaria, bahari, dinosaria, bahari, dinosaria. Gharika ya Mwanzo ilichukua mwaka mmoja na siku chache, na kufikia siku ya mia na hamsini kila kilicho nje ya safina kinatakiwa kiwe kimekufa. Hao wa tabaka la juu walitoka wapi?

Asalaam alaikum. Kwanini mabishano haya sisi Waislamu hatuyasikii sana? – Abu Salim, Tanga

Waalaikum salaam shehe. Qur'ani nayo inataja siku sita, lakini haina ile orodha ya nani alimzaa nani akiwa na miaka mingapi, kwahiyo hakuna cha kujumlisha. Kuna Nuhu kukaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, sura Al-Ankabut, ila namba moja haikupi kalenda. Na Al-Hajj inasema siku kwa Mola ni kama miaka elfu, Al-Maarij hamsini elfu. Kwenu ugomvi uko zaidi kwa Adamu na asili ya binadamu, sio umri wa mawe.

Nimesoma gharika ilikuwa 2348 KK. Piramidi je? – Mwalimu wa sekondari, Bujumbura

Mwalimu mwenzangu umegusa penyewe. Hiyo 2348 ni ya Ussher. Piramidi kubwa ya Khufu inawekwa kama 2560 KK, yaani miaka mia mbili kabla ya maji, na Wamisri wanaendelea kuandika, kuzika wafalme na kukusanya kodi kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa dunia changa wanajibu kwamba orodha ya mafarao imerefushwa, wafalme wengine walitawala kwa wakati mmoja sehemu tofauti, ukiwabana wanaingia baada ya gharika. Kubanana kwa wafalme kulitokea kweli, kwenye vipindi vya vurugu, lakini sio kiasi hicho. Na kuna miti: pete za mialoni na misonobari ya Ujerumani zimeunganishwa moja kwa moja kurudi nyuma zaidi ya miaka 12,000, na hazina alama ya mwaka ambao dunia nzima ilikuwa chini ya maji. Wanasema mti unaweza kuota pete mbili kwa mwaka. Inatokea, ila kwa mialoni ni nadra sana, na unahitaji itokee karibu kila mwaka kwa maelfu ya miaka.

Ukitaka kuwapima kwa haki soma hoja zao za Misri kabla ya hoja zao za mawe, maana pale hamna mionzi wala maabara, ni maandishi ya watu tu na unaweza kuyafuatilia mwenyewe.

Maswali ya mnara wa Babeli na lugha yamefika, pamoja na la nyota za mbali, hayo toleo lijalo.